Kifungo cha Gomesi ya Akiror

Asubuhi hiyo Akiror alisuuza flaski kwa maji ya moto, akaipindua juu ya kigingi cha ua ili ikauke, kisha akavaa gomesi yake ya kijani, vazi refu la heshima. Ilikuwa na vifungo viwili vyeupe upande wa kushoto wa shingo, kila kimoja kikubwa kiasi cha kucha ya kidole gumba. Aliivaa kwa sababu alikuwa anavuka kwenda Tororo, na hakutaka watu wa mpakani wadhani ni mwanamke wa magendo. Wanawake wa magendo walivaa sketi tatu tatu na kutembea kama wajawazito.

Binti yake, Aguti, alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu alipoanza darasa la kwanza. Alidungwa sindano ya insulini asubuhi na jioni, na zahanati ya karibu na kwao Adungosi haikuwa na insulini. Ilikuwa na friji nzuri inayotumia mafuta ya taa, na bango ukutani lililoonyesha jinsi ya kuhifadhi insulini, lakini insulini yenyewe haikuletwa. Kule Tororo, ng'ambo ya mpaka, iliuzwa dukani. Kwa hiyo kila dawa ilipokaribia kwisha Akiror alivuka na flaski, akanunua barafu kwa wauza samaki, akarudi na chupa ndogo za dawa zikiwa zimezama ndani ya barafu.

Kabla ya kutoka alimwita Aguti, akambonyeza kwa kidole gumba kwenye mkono wa kushoto, juu, nyuma kidogo, mahali penye nyama. Akatulia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo chao. Alipobonyeza hapo alijua kama sukari imepanda au imeshuka, na zahanati walipochemsha mkojo wa mtoto na dawa ya bluu kuhakikisha, walipata vilevile alivyosema.

"Leo iko sawa," Akiror aliwaambia wa nyumbani. "Msimpe uji mara ya pili hata akiwaangalia vipi."

Mume wake, Ojakol, alimpakia kwenye baiskeli hadi Malaba. Kuvusha watu kwa baiskeli ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alimshusha kwenye geti, akamwambia atamsubiri palepale jioni, akapata mteja mwenye magunia, akaenda.

Akiror alirudi kutoka Tororo saa ya mchana yenye jua kali. Katika kizuizi cha upande wa Kenya kulikuwa na meza, na kwenye meza alikaa afisa mwenye koti la kaki. Afisa alifungua flaski. Akasema dawa isiyo na muhuri ni magendo. Akamwaga barafu kwenye mtaro, chupa za dawa zikaifuata, na flaski akaiweka chini ya meza kama ushahidi. Akiror hakupiga kelele. Alisema atamsubiri mkubwa wao, ambaye alikuwa amekwenda kula. Alisimama katikati ya malori yaliyopanga foleni, palipokuwa na kivuli kidogo. Lori moja la saruji likarudi nyuma. Baadaye dereva alieleza kwamba kwenye kioo aliona kitu cha kijani, akadhani ni majani.

Alizikwa Adungosi, nyuma ya nyumba, ndani ya gomesi ile ile, kwa maana hakuwa na nguo nyingine nzuri kuishinda. Wanawake waliomvika walisema kifungo kimoja hakionekani. Walikitafuta chini ya mkeka na kwenye mikunjo ya nguo, wakakikosa, wakabana shingo kwa pini.

Jioni ya siku ya mazishi, mama yake Ojakol, Nyanya Zilpa, alimwogesha mjukuu wake kwenye beseni nyuma ya jiko. Alipofika kwenye mkono wa kushoto, mkono wake wa sabuni uligonga kitu kigumu. Kifungo cheupe kilikuwa kimeshikamana na ngozi, pale pale ambapo Akiror alizoea kubonyeza.

"Nani amekubandika hii?"

"Mama."

"Saa ngapi?"

"Mlipokuwa mnaimba."

Zilpa alimmwagia maji mgongoni, akamfuta, akamwambia avae sweta kwa sababu upepo umeanza.

Asubuhi kifungo kilikuwa kimegeuka rangi ya matofali, nacho kilikuwa cha moto kama kikombe cha chai. Ojakol alimpeleka Aguti zahanati. Muuguzi, Sista Aloo, aliwasha taa ya spiriti, akachemsha mkojo na dawa ya bluu ndani ya kichupa. Ulianza kijani, ukawa njano, ukamalizia rangi ya matofali. Sista Aloo alishika kichupa kando ya mkono wa mtoto, akalinganisha.

"Zinafanana," alisema.

"Ni cha mama yake," Ojakol alieleza.

"Naona. Kikibaki bluu ni vizuri. Kikiwa kijani, angalia chakula. Njano na matofali, dawa. Kikiwa cheupe na baridi, sukari imeshuka, mpe kitu kitamu mbio mbio, usingoje kuuliza mtu." Alizima taa ya spiriti. "Mkiwa na hicho mtanisaidia hata mimi. Spiriti yenyewe wanatuletea kwa kijiko."

"Na insulini?"

"Insulini, baba Aguti, uliza mwezi ujao."

Nyumbani kulikuwa na chupa moja iliyobaki, ndani ya chungu kilichofukiwa kwenye mchanga wenye maji. Ojakol alimdunga mwenyewe, na kabla ya chakula cha mchana kifungo kilishuka hadi kijani. Keshoye alikwenda Tororo. Aliporudi alisimama kabla ya kizuizi, akang'oa kiti cha baiskeli, akaziteremsha chupa ndani ya bomba la fremu zikiwa kwenye soksi iliyoloweshwa, akarudisha kiti. Meza ilipekua kikapu chake, haikuona kitu. Tangu hapo ndivyo alivyofanya kila safari.

Shida iliyobaki ilikuwa kifungo kukaa mahali pake.

Kilibanduka mara ya kwanza kisimani, Aguti alipokuwa anajitwika mtungi. Aliona kinaelea kwenye maji, kikiwa kifungo tu kama vifungo vyote, cheupe, kisichosema kitu. Alikirudisha mkononi, kikashika, lakini kwa ulegevu, na saa moja baadaye kikaanguka tena darasani. Mwalimu alisimamisha somo watoto wakitafute chini ya madawati. Ojakol alikata kipande cha plasta kutoka zahanati, akakibandika juu. Plasta ilishika hadi jasho la mchana lilipoingia pembeni, kona moja ikainuka, shuka ikaivuta usingizini, na asubuhi plasta na kifungo vilikuwa vimeganda kwenye blanketi.

Pale stendi ya baiskeli Malaba, rafiki yake Omagor alikuwa na jibu kabla hajaulizwa.

"Gundi ya pancha, Ojakol. Mimi nimeziba tairi ya Mganda mmoja hapa mwaka juzi, mpaka leo inakwenda Soroti inarudi."

"Mtoto si tairi, bwana."

"Tairi inabeba watu wanene. Mtoto anabeba kifungo. Kipi kizito?"

Walijaribu gundi ya pancha. Kifungo kilishika kama msumari, lakini ngozi iliungua, ikatoka malengelenge, na kifungo kilipokaa juu ya malengelenge kikasema njano mchana kutwa hata mtoto alipokuwa mzima. Walikihamishia inchi moja pembeni wakasubiri kidonda kipone. Wakajaribu mkanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, wakaufunga kuzunguka mkono. Kifungo hakikuanguka, ila vidole vilivimba na Aguti akashindwa kushika kalamu. Mwanamke mmoja kutoka ng'ambo aliwaletea utomvu wa fenesi, ule ambao vijana hunasia ndege. Huo ulishika vizuri kuliko vyote. Ulishika kifungo, ukashika nzi, ukashika manyoya ya kuku na karatasi ya peremende, na siku ya kuubandua Aguti alilia mpaka mbwa akaondoka uani.

Ojakol alirudi kwa Sista Aloo na kumwonyesha mkono.

"Mnagombana na ngozi," Sista Aloo alisema. "Iacheni ipumue. Mwosheni kwa sabuni isiyo na manukato, mfute, halafu mngoje ikauke kabisa, si kwa taulo, kwa hewa. Kata plasta, lakini zungusha kona zote, kona kali ndizo zinazoinuka. Ukishabandika, weka kiganja juu, kaa nacho hapo. Joto la mkono wako ndilo linalofanya gundi ishike."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka uchoke, kisha kidogo tena. Na usimpake mafuta. Hapo ndipo mnapoharibu. Mnampaka mafuta asubuhi, halafu mnashangaa plasta inateleza. Sehemu hiyo isiguswe na mafuta hata chembe."

Ojakol alimfikishia mama yake maneno hayo. Zilpa alikuwa anachambua wimbi. Aliendelea kuchambua.

"Mtoto asiyepakwa mafuta anapauka," alisema. "Ataingia kanisani na mkono kama wa mjusi. Watu watasema hana mama."

"Hana, mama."

Zilpa alipuliza makapi. Lakini jioni aliosha mkono wa mjukuu wake kwa sabuni ya kipande, wakakaa wote watatu kwenye ngazi ya nyumba kungoja ngozi ikauke, na Ojakol akazungusha kona za plasta kwa wembe. Alipoweka kiganja chake juu ya kifungo aliona kina joto la kawaida, joto la mtu. Alikaa hivyo mpaka kuku wakaingia bandani, na taa ikawashwa kwa jirani. Aguti akasinzia begani kwake.

Plasta ilishika. Ilivuka kisima, ikavuka mchezo wa mpira wa kati, ikavuka mvua iliyomnyeshea njiani kutoka shule. Ilipoanza kuinuka pembeni, Ojakol aliibadilisha kwa utaratibu uleule, na kila mara alikaa na kiganja juu yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha ikafika siku ya kufuta msiba. Kwa desturi ya nyumba yao, wafiwa hunyolewa, huogeshwa, kisha mwanamke mkubwa wa boma huwapaka samli kuanzia utosini hadi nyayoni. Mwili ukishang'aa wote, msiba umetoka. Marehemu anaruhusiwa kwenda, na walio hai wanaruhusiwa kucheka kwa sauti, kuuza mali yake, na kuoa. Mahali pasipopakwa, msiba hubaki hapo.

Ndugu walikuja kutoka Amukura na wengine kutoka Burumba. Zilpa alipaka mmoja mmoja kutoka kwenye kibuyu cha samli, akianza na Ojakol, na Aguti akawa wa mwisho. Alipaka kichwa kilichonyolewa, masikio, shingo. Alipofika mkono wa kushoto, wanawake wote walikuwa wanaangalia. Sista Aloo alikuwa amesema isiguswe hata chembe, na Zilpa alikumbuka. Lakini mtoto alikuwa anang'aa vizuri sana jua lilivyompiga, na lile doa kavu lilionekana kama pengo la jino. Akapitisha vidole viwili pale, haraka, kama mtu anayefuta vumbi.

Walipokuwa wanakula, plasta iliteleza yenyewe. Kifungo kikaanguka kwenye nyasi. Jogoo mwekundu aliyekuwa anazunguka miguuni mwa wageni akakidona, akakimeza.

Hakuna aliyeona. Aguti alicheza na binamu zake bila kula sana, kwa kuwa siku za wageni watoto hula mwisho. Asubuhi alikuwa amedungwa sindano kama kawaida. Mchana alianza kutoka jasho, na watu wakasema ni samli. Akaongea maneno yasiyoshikana, watu wakasema amechangamka. Alipoanguka kando ya mtungi wa maji, Ojakol alimkimbilia, akamshika mkono wa kushoto, akautazama, na hapakuwa na kitu cha kutazama. Palikuwa pameng'aa.

Alisimama pale na mkono wa mtoto mkononi mwake, hajui kama ampe sindano au sukari. Kimoja kingemponya, kingine kingemwua, na mtu pekee aliyejua tofauti alikuwa nyuma ya nyumba, chini ya udongo.

"Angalia jogoo," Zilpa alisema.

Jogoo mwekundu alikuwa amesimama katikati ya ua, kimya. Kifua chake kilikuwa kimebadilika rangi. Manyoya yote ya pale, kutoka chini ya shingo kushuka, yalikuwa meupe kabisa.

"Nyeupe," Ojakol alisema. "Imeshuka. Leteni sukari."

Walimpaka sukari guru kwenye ufizi, kisha wakamnywesha chai tamu kwa kijiko. Aguti alifumbua macho, akauliza kama keki imekwisha. Hapakuwa na keki. Jogoo alichinjwa jioni hiyo, kifungo kikatolewa kwenye firigisi, Zilpa akakiosha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wageni walikula jogoo, na mjomba mmoja kutoka Burumba akasema nyama ya kifuani ilikuwa laini ajabu.

Wageni walipoondoka, Zilpa alichukua sabuni na kuondoa samli kwenye mkono wa mjukuu wake.

"Hapa hapatapakwa tena," alimwambia mwanawe. "Unajua maana yake?"

"Najua."

"Msiba hautakuwa umetoka. Akiror hatakuwa ameenda. Na wewe hutaoa, maana hakuna mzee wa hapa atakayekubali kupokea mahari yako, nyumba ikiwa na msiba."

"Najua, mama."

"Wewe bado kijana."

"Lete wembe nizungushe hizi kona," Ojakol alisema.

Wakakaa kwenye ngazi, wakangoja ngozi ikauke.

Mwaka uliofuata Aguti alikuwa amerefuka, na dozi yake ilihitaji kuangaliwa na daktari. Ojakol alimpakia kwenye baiskeli hadi Tororo. Waliporudi, soksi ikiwa ndani ya fremu, walisimamishwa kwenye meza ya kizuizi. Afisa wa koti la kaki alikuwa anamimina chai. Flaski ilikuwa juu ya meza sasa, katikati ya vikombe. Kifungo kiligeuka matofali mara moja, ingawa Aguti alikuwa amekula vizuri na kudungwa vizuri, na kikawa cha moto hata plasta ikatoa moshi mwembamba.

"Afande," Aguti alisema, "hiyo flaski ni ya mama yangu."

Afisa aliitazama flaski, akamtazama mtoto, akatazama moshi.

"Kweli, tuliichukua hapa," alisema. "Lakini ina shida. Chai unaiweka ikichemka, unaimimina saa hiyo hiyo, inatoka baridi kama barafu."

"Mama aliwekea baridi."

"Aa, kumbe. Sisi tulidhani ni mbovu."

"Kama ni mbovu, boss," Ojakol alisema, "si mturudishie tu?"

"Hii ni eksibiti, mzee. Eksibiti hairudi mpaka kesi iishe."

"Kesi ya nani?"

"Ya mwenye flaski."

"Alikufa. Hapo, karibu na hilo lori."

Afisa aligeuka akatazama lori, ambalo halikuwa lile.

"Basi hapo ndipo kesi ilipokwama," alisema kwa upole. Hakuwa mtu mkali. Alimsogezea Aguti kikombe. "Kunywa, mama. Jua ni kali, na hii ni baridi. Ina sukari ya kutosha."

"Sukari anayo," Ojakol alisema.

Afisa alicheka, akapekua kikapu, akaona taulo na kipande cha sabuni, akawaruhusu kupita. Walipofika mbali na geti kifungo kilipoa, kikawa bluu. Ojakol alisimamisha baiskeli kando ya barabara, akaweka kiganja chake juu ya plasta, ikashika tena.

Sasa Aguti yuko kidato cha kwanza. Kila Jumamosi huosha mkono wake mwenyewe kwa sabuni isiyo na manukato, hukaa kwenye ngazi mpaka ngozi ikauke, na Ojakol huzungusha kona za plasta. Mwili wake wote hupakwa mafuta isipokuwa hapo, na kanisani wanaojua hawamwangalii mkono. Ojakol hajaoa. Zahanati imepata friji mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza, na insulini bado haijaletwa. Dawa inapokaribia kwisha, Ojakol hung'oa kiti cha baiskeli. Maafisa waliokuwapo siku ile wamehamishwa, wamekuja wengine, na wakifika huambiwa mapema habari ya flaski. Huchemsha chai, huimimina humo, na huinywa baridi.